Boti ya Watu Watatu

JUMATATU, SAA NNE ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la vipuri kilinuka oili na mpira mpya. Kocha alifunga mlango, akavuta kreti, akaketi. Hakuwahi kufundisha timu yoyote maishani mwake. Walimwita Kocha kwa sababu hakuweza kuongea bila kuchora mishale.

Alichora jengo. Alichora gati nyuma ya jengo. Mbele ya gati alichora ghuba, na katikati ya ghuba akachora kitu kama ndizi.

"Ofisi ya kusafishia dhahabu," alisema. "Ijumaa, saa saba na robo mchana, walinzi wanapokezana zamu. Kwa dakika sita mlango wa nyuma una mtu mmoja. Bondia anamlaza. Mimi na Shemeji tunabeba. Fundi yuko gatini, injini zinanguruma. Saa saba na nusu maji yamekupwa mpaka mwisho." Aligonga ile ndizi kwa penseli. "Hili ni fungu la mchanga. Boti ya polisi haipiti hapa. Inabidi izunguke. Sisi tunapita juu yake."

"Tunapita na nini?" Bondia aliuliza. "Na viatu mkononi?"

"Ndiyo maana Fundi yupo."

Wote walimgeukia. Fundi alikuwa amekaa pembeni, karibu na betri za zamani. Mtu mwembamba, miaka hamsini na mbili, kucha nyeusi. Hakupenda kutazamwa na watu wengi kwa pamoja.

"Yadini kuna boti mbili za mbio," alisema. "Zote zimetumika. Nyekundu ina miguu. Mguu unatoka nyuma, unashuka majini, propela iko chini kabisa. Nyeupe haina miguu. Ekseli zinatoka moja kwa moja nyuma. Ikishashika kasi, propela nusu zinakata maji, nusu zinakata hewa."

"Ongea kama unaongea na mjinga," Bondia alisema.

"Ndivyo ninavyofanya."

Shemeji alicheka kwanza. Bondia akafuata. Hata Kocha alitabasamu.

"Ipi inapita?" Kocha aliuliza.

"Nyeupe inapita penye maji ya magotini. Lakini ina masharti."

"Mzigo ni kilo mia mbili na arobaini," Kocha alisema. "Kapime masharti yako na hiyo."

Shemeji alimtoa Fundi hadi barabarani. Alikuwa mdogo wa mke wa Fundi, kitinda mimba wao. Mke alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Watu wengine wa ukoo walikuwa wameacha kupiga simu mwaka wa kwanza. Shemeji peke yake ndiye aliyekuja kila Jumapili, akala, akalala kwenye kochi, akaondoka. Ndiye aliyemleta kwa Kocha.

"Tukivuka, shem, tunapanga nyumba moja," alisema. "Vyumba viwili. Mimi napika, wewe unalalamika."

"Wewe hujui kupika."

"Basi utalalamika vizuri."

JUMANNE, SAA TANO ASUBUHI

Mwenye yadi alimwacha Fundi peke yake na boti. Aliona mikono yake, akajua si mtu wa kudanganywa.

Alianza na Nyekundu. Alifungua skrubu ya chini ya mguu, akakinga kopo. Oili ilitoka nyeupe, kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye gia. Akapapasa ule mpira wa mikunjo unaoziba tundu la mguu, akakuta ufa. Kazi ya siku mbili. Alikuwa ameshafanya kazi mbaya kuliko hiyo akiwa na homa.

Nyekundu ilimpendeza. Mguu unageuka, boti inageuka. Ukirudi nyuma, inarudi. Ukiikaribisha gatini, inakuja taratibu, kama mtu mwenye adabu. Ukiipakia watu wanne na mzigo juu, inanung'unika kidogo, halafu inaondoka. Nyekundu husamehe.

Lakini ule mguu unashuka chini karibu kama mkono wa mtu mzima. Juu ya fungu la mchanga, maji yakiwa yamekupwa, ungeng'oka kama jino.

Akaenda kwa Nyeupe. Ekseli zote mbili zilikuwa zimenyooka. Propela kubwa, zenye makali, hazina hata pengo. Bomba la oili ya kuinua na kushusha propela lilikuwa linavuja kidogo, jambo la nusu saa. Mashine safi. Ikiwa peke yake na dereva mmoja, hakuna kitu majini kingeiona hata mgongo.

Ila Nyeupe ni mashine ya kwenda mbele tu. Kurudi nyuma haitaki. Mwendo wa pole haitaki. Na uzito haitaki kabisa. Boti ya namna hiyo inapoondoka, lazima ipande juu ya maji iteleze. Isipopanda, ni sufuria zito lenye kelele.

Aliketi ukingoni mwa Nyeupe, akala mkate wake. Wafanyakazi wa yadi walikuwa wanakula pamoja kwenye kivuli cha karakana, wanabishana kuhusu nani kamaliza chumvi. Hakuna aliyemwita. Hawakumjua, na yeye alitaka wasimjue. Lakini waliziona kucha zake, sura yake, na jina la uongo alilotia sahihi kwenye daftari la wanunuzi.

Akampigia Kocha. "Tuchukue Nyekundu. Tungoje Ijumaa nyingine, maji yajae. Tutakuwa polepole kidogo, lakini tunavuka wote."

"Maji yakijaa na polisi wanapita."

"Najua."

"Chukua Nyeupe," Kocha alisema, akakata simu.

JUMATANO, SAA KUMI ALASIRI

Walikwenda wawili tu, Kocha na Fundi, kwenye hori upande wa pili wa ghuba, mahali pasipo na nyumba. Walipakia mifuko ya mchanga. Mfuko mmoja kilo arobaini. Sita kwa ajili ya dhahabu. Minne zaidi kwa ajili ya Shemeji na Bondia.

Fundi alitia moto. Nyeupe ilinyanyua pua, ikachimba mkia, ikanguruma. Haikupanda. Alirudia. Alirudia tena. Alibadilisha pembe ya propela, akahamisha mifuko mbele. Mara ya tano jasho lilikuwa linamtoka mpaka kiunoni.

"Toa mifuko miwili," Kocha alisema.

Walimwaga mchanga majini. Fundi alitia moto. Nyeupe ilitetemeka, ikajinyoosha, ikapanda. Ghafla kelele ikageuka kuwa mluzi, na maji nyuma yao yakasimama kama ukuta. Kocha alipoteza kofia yake na hakuijali.

Waliposimama, Kocha alihesabu mifuko iliyobaki.

"Mifuko miwili," Kocha alisema. "Kilo themanini."

"Punguza dhahabu."

"Au mtu."

Fundi alishika usukani ingawa boti ilikuwa imesimama.

"Bondia peke yake ana kilo mia na kumi," Kocha alisema. "Yule tukimtoa, hata jiko tunapakia."

Fundi alicheka. Kicheko kilitoka kabla hajakiruhusu. Baadaye, akifunga turubai, alikifikiria. Bondia alikuwa na mke na deni la kodi ya nyumba na mzaha mmoja aliourudia kila siku. Lakini Bondia hakuwa ndugu yake. Akamwona akilini Shemeji amesimama gatini peke yake. Akaliondoa wazo hilo, akavuta kamba ya turubai mpaka ikamkata kiganja.

"Na Shemeji ajue kuiendesha," Kocha alisema. "Ukipigwa risasi wewe, je?"

Lilikuwa jambo la akili. Fundi alikubali.

ALHAMISI, SAA TISA ALASIRI

Alimfundisha kwa saa moja. Kuondoka, kupinda, kusimama. Boti ilikuwa nyepesi, watu wawili tu, ilipanda kama inachezewa. Shemeji alikuwa ameendesha boti za wageni miaka minane, boti za miguu zote, na mkono wake ulikuwa mzuri.

"Unajifunza haraka," Fundi alisema.

Shemeji alifuta usukani kwa kiganja. Siku hiyo hakutania hata mara moja. Fundi alidhani ni woga, akampa muda wake.

Jioni kabla ya magharibi alipanga nguo zake kwenye begi. Alipanga na khanga mbili za marehemu. Halafu akakaa kitandani akisikiliza redio ya jirani ukutani. Akiondoka Shemeji, hakuna mtu duniani atakayejua kwamba Fundi aliwahi kuoa. Angekuwa mzee tu mwenye khanga mbili.

IJUMAA, SAA SABA KASORO DAKIKA KUMI

Gati lilikuwa tupu. Maji yalikuwa yanashuka, nguzo zinaonyesha konokono wake. Fundi aliwasha injini moja, akaisikiliza. Akawasha ya pili.

SAA SABA NA DAKIKA KUMI NA TANO

Hakuna kitu. Ndege mmoja juu ya nguzo.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI

Kengele ya ofisi ililia. Haikupaswa kulia.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI NA MBILI

Walitokea mlango wa nyuma wakikimbia na toroli la mikoba mizito. Kocha mbele, Shemeji nyuma yake, Bondia wa mwisho na bunduki. Shati la Bondia lilikuwa na damu. Haikuwa yake.

"Nimemlaza vibaya," alisema akihema. "Amegoma kulala."

Mikoba ilitua ndani ya boti, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ulipotua, Nyeupe ilishuka kidogo. Kocha aliruka ndani. Bondia naye akaruka. Fundi akamtazama Bondia, halafu Kocha, akingoja.

"Fundi, panda juu ufungue kamba," Kocha alisema. "Mkono wako mwepesi."

Alipanda gatini. Alifungua kamba ya mbele, akaitupa ndani. Alifungua ya nyuma. Alipogeuka, Shemeji alikuwa ameketi kwenye usukani, na kati ya boti na gati kulikuwa na maji upana wa hatua mbili.

"Sogeza karibu," Fundi alisema.

Bondia aliinua bunduki. Hakuielekeza vizuri. Aliona haya.

"Watatu," Kocha alisema. "Ulipima mwenyewe."

"Shem."

Shemeji alikuwa anatazama saa za injini kama zina maandishi ya dini. "Yadi nzima inaijua sura yako, shem," alisema. "Polisi wangetufuata kwa sura hiyo popote." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilikataa siku mbili. Wallahi nilikataa."

Akatia moto.

SAA SABA NA DAKIKA ISHIRINI NA SITA

Nyeupe ilinyanyua pua, ikachimba mkia. Moshi mweusi ukatoka. Injini zilikuwa zinalia kama mtu aliyekabwa. Ilijiburuza hatua hamsini, hatua mia, pua juu, mkia chini, polepole kama ng'ombe kwenye matope.

Fundi alilisikia kosa kabla hajaliona. Walikuwa wamemwacha mtu wa kilo sitini na wakampakia wa mia na kumi. Na Shemeji alikuwa amebonyeza kitufe cha kushusha propela. Boti ya miguu ukitaka ipande, unashusha. Mkono wake ulikuwa umejifunza hivyo kwa miaka minane, na sasa, king'ora cha polisi kikilia, ulikuwa unafanya ulichojua. Lakini Nyeupe ukiishusha unazamisha propela zote mbili, na injini inakosa pumzi. Kadiri alivyotia moto ndivyo alivyozidi kuikaba.

King'ora kilikuwa kimefika kwenye mzunguko wa barabara. Upande wa kulia, boti ya polisi ilikuwa imeng'oa nanga. Dakika mbili, na ingewafikia. Fundi hakuhitaji kufanya lolote. Alihitaji kusimama tu na kutazama.

Alisimama. Alimtazama Shemeji akigeuka nyuma, uso mdogo, mdomo wazi, kama siku ile ya mazishi ya dada yake alipoulizwa nani atashuka kaburini.

Fundi akakimbia mpaka mwisho wa gati.

"Inua!" alipiga kelele. "Inua propela, shem! Inua!"

Shemeji aliweka mkono sikioni.

Fundi alionyesha kwa mikono yote miwili, viganja juu, akinyanyua hewa. "Inua! Bondia aende puani! Puani kabisa!"

Kwa muda hakuna kilichobadilika. Halafu nyuma ya boti povu likapanda, jeupe. Sauti ya kukabwa ikafunguka. Bondia alitambaa mbele, akalala kifudifudi puani, tumbo lake kubwa likiwa na kazi kwa mara ya kwanza. Nyeupe ikatetemeka.

"Sasa shusha," Fundi alisema, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu umbali ulikuwa umeshakuwa mkubwa. "Shusha kidogo. Kidogo tu, mwanangu."

Ikajinyoosha. Ikapanda. Mluzi ukaja juu ya maji hadi gatini, na ule ukuta wa maji ukasimama nyuma yao. Boti ya polisi ilikata kona kuwafuata, ikafika kwenye fungu, ikasimama ghafla. Nyeupe ilipita juu ya mchanga kana kwamba haupo. Ikawa kidole. Ikawa nukta.

Kwenye usukani hakuna aliyegeuka tena.

SAA SABA NA DAKIKA THELATHINI NA MOJA

Askari wawili walikuja mbio juu ya mbao. Mmoja alikuwa mtu mzima, anahema, kofia mkononi. Alimkuta Fundi ameketi kwenye nguzo, miguu inaning'inia.

"Ulikuwa unampigia nani kelele?"

"Shemeji yangu."

Askari aliitazama ghuba. Hapakuwa na kitu, mistari ya povu tu ikifutika. Alimtazama yule mtu mwembamba mwenye kucha nyeusi.

"Wamekuacha."

"Boti ni ya watu watatu," Fundi alisema.

"Na wewe hapa umebaki na nani?"

Fundi alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali la haki.

"Na wewe, afande," alisema, akanyoosha mikono.