Sura Mbili Zilizokosekana

Lukumani hakuwa na mchapishaji. Hakuwa na shahada wala stashahada, wala ndugu anayefanya kazi redioni. Kompyuta hakuwa nayo. Riwaya yake nzima aliiandika kwa kidole gumba kwenye simu yenye ufa kiooni, kila cherehani ilipopumzika. Hakuwa na gari la kusambazia vitabu, alikuwa na baiskeli, na baiskeli yenyewe haikuwa na breki ya nyuma. Baba na mama hakuwa nao. Aliyemlea ni shangazi yake, Bi Tatu wa mtaa wa Ng'ambo. Na mchumba pia hakuwa naye, jambo ambalo Bi Tatu alimkumbusha kila alipompakulia chakula.

Alichokuwa nacho asubuhi ile ya Januari ni mfuko wa salfeti wenye nakala za kitabu chake, *Mpagazi wa Kwihara*, alichokichapisha kwa fedha yake mwenyewe. Alikuwa amezipeleka kwenye duka la Bachubai, mama wa Kihindi aliyekuwa akiuza madaftari na vitambaa mjini Tabora tangu enzi za mkwe wake. Shule zilikuwa zinafunguliwa. Wazazi walijaa dukani hadi kibarazani, kila mmoja amenyoosha mkono, kila mmoja anataka rula, na harufu ya karatasi mpya ilichanganyika na ya ubani aliokuwa ameuchoma Bachubai.

Katikati ya msukumano huo alikuwa amesimama binti mmoja, ametulia kama yuko sebuleni kwake, anasoma. Lukumani ni fundi cherehani, kwa hiyo alianza kuona nguo kabla ya sura. Gauni la kijani kibichi, refu, mshono wa bega umelala vizuri. Mtandio wa rangi ya asali. Kisha akaona uso, akasahau kabisa habari za mshono. Halafu akaona kitabu alichoshika. Kilikuwa chake.

Akajipenyeza hadi karibu, akajitia mteja.

"Samahani dada, hicho kinasomeka?"

"Bado sijajua," binti alijibu bila kuinua macho. "Mwandishi ameanza vizuri, ila jua limemshinda. Mwanzo wa ukurasa linachomoza Kwihara. Chini hapa wapagazi wanafunga mizigo gizani, halafu linachomoza tena."

"Labda kulikuwa na mawingu."

"Mawingu angeyaandika."

"Labda mwandishi ni mtu wa shughuli nyingi."

"Basi angebaki na shughuli zake, kaka yangu. Nani alimlazimisha?"

Bachubai, aliyekuwa anafunga madaftari kwa kamba huku masikio yake yako kwao, hakuweza kuvumilia. "Wewe Lukumani, acha kumzungusha mtoto wa watu! Dada, kitabu chake huyo. Mseme vizuri. Mimi nimemwambia jalada baya, hasikii."

Binti alijifunika mdomo kwa mtandio, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Lakini hakuomba radhi. "Pole," alisema. "Ila jua ni moja." Akalipa, akakitia kitabu mkobani, akaondoka.

"Unamjua huyo?" Bachubai aliuliza. "Najiat huyo, wa Chemchem. Anafanya kazi kwenye ofisi za halmashauri, Isikizya. Jioni anasema vitabu vya watu kwenye simu. Akisema kizuri, kesho mimi sina hata kimoja dukani."

Lukumani aliutafuta ukurasa wa Najiat mtandaoni usiku uleule. Uliitwa Msomaji wa Unyanyembe, na wafuasi wake walitoka Kigoma hadi Dar es Salaam. Juma lililofuata kitabu chake kikawa humo. Najiat alisifu wanawake wa msafara, waliobeba masufuria na watoto na bado wakaimba. Aliliteta lile jua. Akasema sura ya tisa ni ndefu kama njia yenyewe ya kwenda pwani. Mwisho akaandika: *Kisomeni. Huyu mtu anajua kuangalia.*

Lukumani alisoma maneno hayo manne ya mwisho mpaka chuma cha pasi kikaunguza kola ya shati la mwalimu mkuu. Akachukua namba iliyokuwa kwenye ukurasa ule, akampigia simu kumshukuru. Mazungumzo ya kushukuru yakaingia kwenye mazungumzo ya vitabu, na ya vitabu yakafika kwenye mambo mengine. Baada ya hapo kila jioni, Najiat akisharudi kutoka Isikizya na kuvua viatu, simu ya Lukumani ililia juu ya meza ya kukatia nguo.

"Fundi, umekula?"

"Nitakulaje, laazizi, na sijasikia sauti yako?"

"Hiyo ni ya kwenye riwaya yako, sura ya nne. Usinirudishie niliyokwisha kuyasoma."

"Basi nimekula. Wali na mlenda."

"Hapo sasa nimekuamini."

Jumapili walikunywa chai pamoja kwenye mgahawa wa karibu na soko, yeye na shati lake la mikono mirefu lililopigwa pasi, Najiat na mtandio mpya kila mara, na meza zote zikiwatazama. Kufikia mwezi wa nne Najiat alimwambia, akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani: "Nimemtajia mama jina lako." Binti wa Chemchem hamtajii mama yake jina la mwanamume kwa ajili ya mazungumzo. Lukumani alijua hivyo, na siku ile alirudi Ng'ambo akiisukuma baiskeli badala ya kuipanda, ili safari iwe ndefu.

Sasa, Lukumani alikuwa mwanachama wa kundi la waandishi wanaojitegemea, liitwalo Wino wa Magharibi. Lilikuwa na watu wa Tabora, Nzega, Urambo na kwingineko, wote wakijichapishia na kujitangazia kwa simu. Humo walikuwa na desturi waliyoiita kubebana. Mwenzenu akitoa kitabu, siku hiyohiyo mnakisifu kwenye kurasa zenu, nyota tano, iwe mmekisoma au hamjakisoma. Keshokutwa atakubeba na wewe. Hakuna aliyeona vibaya. Mizigo ni mizito, walisema, na sisi hatuna punda.

Mwezi wa tano ikawa zamu ya Kornel, mwalimu wa Bukene, aliyeandika riwaya ya *Binti wa Stesheni*. Nakala ya Lukumani ilifika ikiwa imefungwa kwa nailoni. Siku hiyo alikuwa na sare za kwaya za kumaliza. Aliiweka kwenye rafu, kando ya kopo la vifungo, akaandika kwenye ukurasa wake: *Nimekisoma hadi neno la mwisho. Ule mwisho umenitoa machozi. Nyota tano.* Akarudi kwenye cherehani.

Baada ya siku chache simu ikalia.

"Fundi wangu."

"Naam, mhakiki wangu."

"Nakala yangu ya Kornel imeishia sura ya kumi na nane. Binti yuko stesheni na begi lake, treni inaingia, basi! Jalada. Hebu nipigie picha kurasa zako za mwisho, nijue alipanda au hakupanda."

Lukumani aliitazama rafu. Nailoni iling'aa. "Kitabu… nimekiazimisha. Kwa jirani."

"Basi nihadithie. Alipanda?"

"Sitaki kukuharibia utamu."

Najiat alicheka. "Una roho mbaya wewe. Haya, nitasubiri."

Alipokata simu, Lukumani aliichana nailoni na kufungua nyuma. Sura ya kumi na nane, treni inaingia, jalada. Alijua kwamba alipaswa kupiga simu saa hiyohiyo, akaahirisha mpaka asubuhi.

Asubuhi alikuta amechelewa. Wasomaji wengi walikuwa wakimlalamikia Kornel, na Najiat, kwa kumtetea, alikuwa amewaandikia kwamba wasiharakishe kumlaumu mwandishi: nakala kamili zipo, mtu ninayemwamini hapa Tabora amesoma hadi mwisho. Haikupita saa moja, Kornel mwenyewe akatoa tangazo. Nakala zote, bila kubaki hata moja, zilitoka kiwandani bila sura mbili za mwisho. Anaomba radhi. Wasomaji waliangua kicheko, na kicheko chote kikamwangukia Najiat. *Huyo unayemwamini alisoma ndotoni?* mmoja aliuliza, na mamia wakapiga dole.

Jioni Najiat hakupiga simu. Alikuja mwenyewe Ng'ambo, na sketi yake ya kijivu ya kazini, vumbi la njia ya Isikizya likiwa bado kwenye viatu. Alimwamkia Bi Tatu uani, "Shikamoo shangazi," akaitikiwa marahaba, kisha akaingia kibarazani palipo na cherehani. Hakukaa.

"Ulilia kwa kitu gani, Lukumani?"

"Najiat, ndiyo utaratibu wetu. Tunabebana. Kila mtu anafanya."

"Umembeba Kornel, mimi ukanitua njiani."

"Nilitaka kukwambia asubuhi."

"Nilikuuliza jioni." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo ndilo lililomtisha Lukumani. "Watu wanaweza kunicheka, wamenicheka kabla. Siyo hilo. Kila siku unaniandikia kwamba mimi mzuri, mimi mwerevu, mimi sina mfano. Nyota tano. Nitajuaje kama na mimi hujaniacha kwenye nailoni?"

Najiat alijifunga mtandio vizuri, akamuaga shangazi kwa heshima zote, akaenda zake.

Bi Tatu alisimama mlangoni na mwiko mkononi. "Umemfanya nini mtoto wa watu?"

"Nimemdanganya, shangazi."

"Kwa ajili ya mwanamke mwingine?"

"Kwa ajili ya kitabu."

"Heri ingekuwa mwanamke," alisema Bi Tatu, "ningejua namna ya kukutetea."

Lukumani hakumwandikia Najiat hata neno. Alijua kwamba maneno yake ndiyo yaliyoshuka thamani, na kuongeza mengine kusingesaidia. Alichofanya ni kuteremsha vitabu vyote alivyowahi kuvisifu bila kuvisoma, akavipanga juu ya meza ya kukatia, akaanza cha juu. Alisoma akisubiri wateja, alisoma pasi ikipata moto. Kila alipomaliza kimoja alirudi pale alipokuwa amekisifu, akaandika chini yake: *Nilipoandika sifa hizi sikuwa nimekisoma. Sasa nimekisoma.* Kisha akaeleza alichokiona, kizuri kwa uzuri wake na kibovu kwa ubovu wake, na ukurasa gani.

Wino wa Magharibi walimtoa kundini kabla hajafika kitabu cha tatu. Walimwita msaliti. Mmoja alimpa *Mpagazi wa Kwihara* nyota moja, na kwa namna alivyoandika ilionekana wazi kwamba naye hakukisoma. Bachubai alimwambia vitabu vyake havitoki tena. "Umegombana na ulimwengu mzima, Lukumani?" Yeye akaendelea kusoma.

Kornel, aliyekuwa amewatumia wasomaji wake sura zile mbili kwa simu, alimpigia Lukumani mara baada ya uhakiki mpya wa kitabu chake kutoka.

"Nyota tatu, ndugu yangu?"

"Tatu, mwalimu. Mwanzo ni wa nne, ila mwisho umeuharakisha."

Lukumani alijiandaa kutukanwa. "Unajua," alisema Kornel, "nimesifiwa na watu ishirini, na hakuna hata mmoja aliyegundua kitabu kimekatika. Wewe wa kwanza kunisoma. Asante." Akakata simu.

Jioni moja ya mwezi wa saba, upepo wa baridi ukipeperusha vipande vya vitambaa, simu ililia juu ya meza.

"Hujambo," ilisema sauti ya Najiat, ya kiofisi. "Nimepiga kwa ajili ya kitabu."

"Sijambo. Karibu."

"Umemwonea Kornel. Umesema binti kurudi nyumbani ni woga. Siyo woga."

"Kitabu kizima anaapa hatarudi. Ghafla anarudi. Anarudi kwa sababu karatasi zimemwishia mwandishi."

"Anarudi kwa sababu mama yake amekuja stesheni!"

"Mama yake amepewa mistari miwili."

"Mistari miwili inamtosha mtu mwenye moyo."

"Moyo ninao, na haikunitosha."

Lukumani alisikia kwenye simu jogoo wa kwao Najiat akiwika saa isiyo yake. Najiat akasema, na sauti ya kiofisi ilikuwa imeanza kulegea: "Basi kubali tu, yaishe."

Lilikuwa jambo jepesi. Neno moja tu, na angeweza kumwita laazizi tena. "Sikubali, Najiat," alisema. "Nikikubali sasa hivi utajua nimekubali kwa ajili gani."

Upande wa pili ulianza kucheka polepole, kama mtu anayezuia na kushindwa. "Ndiyo mara ya kwanza unanikatalia."

"Umechukia?"

"Nimechukia sana. Endelea. Na ile sura ya saba?"

Wakabishana sura ya saba, wakabishana ya kumi na mbili. Bi Tatu alipakua chakula, kikapoa, akakifunika. Mwishoni Najiat akasema: "Mama ameniuliza, yule fundi wako kafia wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia yuko, anasoma."

"Mwambie ametoka kutafuta bahasha."

Najiat alipumua tu, na ile pumzi Lukumani aliielewa vizuri kuliko kitabu chochote alichokuwa amekimaliza.

Ijumaa, baada ya swala, barua ya posa iliandikwa juu ya meza ya kukatia nguo. Bi Tatu alikuwa na mfano wake wa zamani aliouhifadhi, akaukariri kwa sauti: "Kwa kuwa tunamfahamu vyema binti yenu, mwenye kukamilika kwa kila sifa…"

"Hapo nitabadilisha, shangazi."

"Utabadilisha nini? Barua zote za posa zinasema hivyo!"

"Ndiyo maana."

Aliandika kwa kalamu, kwa herufi za kutulia, kwamba familia ya Ng'ambo inaleta posa kwa familia ya Mzee Rashidi wa Chemchem, baba yake Najiat. Kwamba binti yao ni mkali na mkweli. Na kwamba kijana wao hadai kumfahamu vyema, bali anaomba apewe umri wake wote amfahamu. Bi Tatu aliisoma mara mbili, akafuta miwani kwa pindo la khanga. "Watatuona hatuna adabu," alisema. Kisha akasema, "Tia bahashani kabla sijakuzuia."

Lukumani aliikunja, akaitia bahashani, akapaka gundi na kuikandamiza kwa pasi yenye joto kidogo ili isifunguke njiani. Akaifunga ndani ya kitambaa cheupe alichokipinda pindo mwenyewe. Mjomba wake, aliyekubali kuwa mshenga, alikuwa tayari mlangoni na kanzu na koti. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia mfuko wa ndani, akashika njia ya Chemchem.