Unga wa Magome wa Nyamusi

Kila Ijumaa baada ya masomo, wanachama wa klabu ya sayansi katika shule moja ya Ekerenyo walifagia maabara yao. Ijumaa hiyo Nyamusi alifagia pale pale tu, macho yake yakiwa kwa mgeni.

Mgeni alikuwa Daktari Pam Akong'o, mtafiti kutoka Kisumu. Alitaka kujua kama magome ya mikaratusi yanayotupwa kwenye kiwanda cha mbao yana tanini ya kutosha, dawa ya kutengenezea ngozi za viatu. Wanafunzi watano, Nyamusi akiwemo, walikuwa wameyakausha na kuyasaga, kila mmoja fungu lake.

"Kifaa hiki humulika unga," Daktari Pam alieleza, akionyesha kisanduku alichokuja nacho. "Kila kilichomo hunyonya mwanga kwa namna yake. Mwanga unaorudi hutuchorea mstari kwenye kompyuta."

Nyamusi aliacha kufagia. Magome yake yalikuwa yamenyeshewa uani yakaota ukungu. Kwa kuogopa kusema, alikuwa amebandua bila ruhusa gome la muwati wa jirani, mti wenye tanini nyingi, akalisaga, kisha akaandika "mkaratusi" tu kwenye pakiti, kama wenzake.

Mistari minne ilifanana. Wa tano ulipanda juu sana.

Mwalimu Ratemo, mlezi wa klabu, akamgeukia Mose, mwanafunzi aliyekuwa akijaza unga kifaani. "Umechanganya nini humu?"

"Sijachanganya kitu, Mwalimu."

"Basi utamweleza mwalimu mkuu."

Nyamusi alijua kwamba akinyamaza, atapona. Lakini Mose alikuwa tayari anaelekea mlangoni.

"Mwalimu, si Mose," alisema kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Ni mimi." Akaeleza yote, akingoja kufukuzwa klabuni.

Daktari Pam alivuta kiti. "Ningeuamini mstari huu, ningewaambia kina mama wa hapa wakusanye magome ya kiwandani wakitarajia tanini nyingi ambayo haimo. Wangehangaika mwaka mzima."

Nyamusi alimwomba Mose msamaha, na jioni akamwomba jirani pia. Jumatatu alichukua magome mengine kiwandani, akayakausha chini ya paa. Ijumaa iliyofuata Daktari Pam aliporudi, mstari wa Nyamusi ulifanana na ile minne: tanini ilikuwa kiasi, lakini ilitosha kuanzia kazi ya ngozi.

"Ukiharibu kazi, sema mapema," Mwalimu Ratemo alimwambia. "Magome yakioza tutapata mengine. Lakini nilikaribia kumwadhibu mtoto asiye na kosa kwa sababu wewe uliogopa. Hofu isikufanye umtwike mwenzako mzigo wako."