Bahasha ya Kitanda cha Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili asubuhi Peiwen alikuwa tayari kwenye foleni ya maji ya moto, chupa ya chai kila mkono. Ilikuwa siku ya nne. Mama yake alilazwa wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya, kitanda cha kumi na mbili, akingoja kupasuliwa. Peiwen mwenyewe alizaliwa kwa kisu miaka kumi na miwili iliyopita, na daktari alisema kovu la zamani si la kuliamini.

Baba yake alikuwa njiani kutoka kusini, alikokuwa akijenga maghorofa. Viti vya treni vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo alikuwa anakuja amesimama, siku mbili. Kazi yote ikabaki kwa Bibi mwenye magoti mabovu, na kwa Peiwen aliyeombewa ruhusa shuleni. Kuchota maji, kupika uji wa mtama na sukari nyekundu, kuchemsha mayai, kufua. Walilala kwa zamu kwenye kiti kimoja, na kulala kwenyewe kulikuwa jina tu.

Kila asubuhi muuguzi aliwapa karatasi ya gharama za jana. Bibi hakujua kusoma, basi aliikunja na kuisukumia chini ya godoro.

"Makaratasi ya hospitali," alisema, "yanazaana kuliko sisi."

Peiwen ndiye aliyezichomoa na kuzisoma: kitanda, vipimo, dawa. Mstari wa mwisho ulionyesha baki la amana, yaani pesa walizotanguliza. Asubuhi hiyo baki lilikuwa yuan mia mbili na kumi, na chini yake muhuri: ongezeni elfu moja kwenye dirisha la malipo kabla ya adhuhuri.

Kabla hajasema neno, Bibi alimvuta hadi ukumbini na kumtilia bahasha nyekundu mkononi.

"Mpe Daktari Gao kabla hajaingia na mama yako chumba cha upasuaji. Mtilie mfukoni, uondoke zako. Hatamkatalia mtoto."

"Ni nini hii, Bibi?"

"Ni bei ya kondoo wetu yule wa pembe moja. Elfu moja."

"Lakini Bibi, dirishani wanadai elfu moja leo leo. Imeandikwa hapa."

"Dirisha halishiki kisu. Mkono mtupu haulambwi, mjukuu wangu. Ya dirisha atakuja nayo baba yako kesho. Nenda."

Peiwen akaenda. Alimwona Daktari Gao akitembea haraka, mwanamke mwembamba mwenye nywele zilizotimka, akitafuna mkate wa mvuke huku akisoma faili. Akamfuata hatua kumi, kisha akasimama. Daktari akiipokea hii, dirisha bado litadai, na baba yuko kwenye treni. Akili iliyochoka hupenda njia ya mkato. Akageuka, akashuka ngazi, akalipa dirishani, akaitia risiti ndani ya soksi.

"Umempa?" Bibi aliuliza.

"Nimempa."

"Akasemaje?"

"Hakusema kitu. Ameitia mfukoni."

Kabla ya adhuhuri mtoto alizaliwa, msichana mwenye nywele nyingi. Mama akarudishwa amepauka kama unga, lakini mzima. Bibi alilia bila kujificha, na Peiwen naye akalia, amekumbatia chupa ya maji.

Alasiri, dawa ya ganzi ilipoisha, maumivu yalimkamata Mama. Daktari Gao alikuwa kwenye operesheni nyingine. Muuguzi alikuja, akamchoma sindano, akaondoka. Hilo halikumtosha Bibi. Akamgeukia Bibi Liao wa kitanda cha jirani, ambaye mkwewe alikuwa apasuliwe siku iliyofuata.

"Kondoo wangu mzima kamtia mfukoni," alisema, "na hata kuchungulia hachungulii."

Peiwen alisikia. Alitaka kusema, ila uongo ukishalala kitandani mwako ni taabu kuuamsha. Akachukua chupa, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Kufikia asubuhi wodi nzima ilikuwa imesikia. Mwana wa kiume wa Bibi Liao alikuwa ameshafika ofisi ya hospitali kulalamika. Wakaja watu wawili wa ofisi hiyo wenye daftari, na Daktari Gao nyuma yao, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Sikupokea kitu kwa mtu wa kitanda hiki," alisema kwa sauti ya chini.

"Bibi, nani alimpa?" mmoja aliuliza. "Daktari atasimamishwa kazi hadi tujue ukweli."

"Mjukuu wangu huyu, kwa mkono wake."

Wote wakamtazama Peiwen. Aliona aibu hadi masikio yakawaka. Akainama, akavua kiatu, akatoa risiti iliyokunjamana.

"Sikumpa," alisema. "Nililipa dirishani. Nilimdanganya Bibi."

Bibi alikaa polepole, mkono kwenye goti.

"Kwa hiyo daktari alimpasua mkwe wangu bila kitu?"

"Bila kitu," Daktari Gao alijibu. "Kama nilivyompasua wa kitanda cha tisa, na kama nitakavyompasua wa kumi na tatu leo."

Wenye daftari walifuta walichoandika, wakaondoka. Daktari akakaa ukingoni mwa kitanda, akaomba zile karatasi za chini ya godoro.

"Bibi, sikiliza. Hiki kitanda, huu uzi wa kushonea, hii dawa ya ganzi. Hapa ni malipo ya upasuaji, na mshahara wangu umo humo humo. Siku ya kutoka, bima ya kijiji italipa zaidi ya nusu, na amana itakayobaki mtarudishiwa. Hakuna mstari wa bahasha."

"Hakuna aliyewahi kunisomea," Bibi alisema.

Daktari akamgeukia Peiwen. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na hilo lilimuuma Peiwen zaidi.

"Pesa ulizipeleka panapostahili, mwanangu. Ungemwambia bibi yako hivyo, angekugombeza kwa siku moja tu. Lakini ulilipa gharama za mama yako kwa jina langu. Pesa iliyolipwa ina risiti. Jina la mtu likishachafuka, risiti yake utaipata wapi?"

"Nisamehe, Daktari."

"Nimekusamehe. Sasa lirudishe jina langu."

Wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinane. Bibi alishika bega la Peiwen na wakavipitia kimoja kimoja, magoti yakimlalamikia. Kila mahali Peiwen alisema maneno yale yale: mimi nilidanganya, daktari hakuchukua kitu. Uongo wenyewe ulikuwa wa maneno machache, na kuufuta kulikula asubuhi nzima.

Walimaliza kwa Bibi Liao. Yeye alisikiliza hadi mwisho. Kisha aliingiza mkono chini ya mto wa mkwewe, akatoa bahasha nyekundu, na karatasi za gharama zilizokunjwakunjwa.

"Nisindikize dirishani," alimwambia Peiwen. "Tukiwa njiani, unisomee."