Kwa Kamba Hii, Usiende

Jumamosi ile ya mvua soko la Osu, mjini Nagoya, lilifurika watu, hata pa kuweka mguu hupaoni. Tamaki Hirose alikuwa kwenye foleni ya kuku wa kukaanga, koti la samawati limemkaa sawasawa, viatu vya mvua vya njano miguuni. Alipoingiza mkono mkobani kutafuta simu, dadu lake la pande ishirini likadondoka. Likaviringika katikati ya miguu ya watu mpaka likagota kwenye kiatu cha kijana mwenye sare ya mafundi wa lifti na nywele ndefu zilizofungwa kisogoni.

"Usiliguse kwanza," kijana akasema, akichuchumaa. "Tuone limetoka ngapi."

"Limetoka ngapi?"

"Moja. Pole dada, umeshakufa."

Tamaki akacheka. "Kumbe na wewe unacheza hii michezo ya kuigiza mashujaa?"

"Nilikuwa nacheza. Wenzangu wote wameoa, kundi likafa."

"Sisi tunatafuta shujaa. Aliyekuwa wangu kahamia Fukuoka."

"Nikija utanitendea vyema?"

"Siahidi kitu mimi."

Hivyo ndivyo Reiji Kusakabe alivyoingia, kwa miguu yake mwenyewe, katika chumba cha Bi Kurata, ghorofa ya tatu juu ya duka la tambi. Kila Jumapili mchana mapazia yalishushwa, watu watano wakakaa mezani kucheza Enzi ya Kamba. Bi Kurata ndiye aliyekuwa msimulizi. Wengine walikuwa watawala na mashujaa wao; Tamaki alikuwa malkia, Reiji akawa shujaa wake. Kila shujaa alifungwa kwa mtawala wake kwa uchawi, na mchezo ulipoanza mtawala alimfunga mwenzake kamba nyekundu ya kweli mkononi. Amri iliyotanguliwa na maneno "kwa kamba hii" haikukataliwa.

Tena kulikuwa na kadi. Kila mchezaji alipewa yake, yenye siri ya mhusika wake. "Usimwambie mtu, hata unayelala naye," Bi Kurata alisema kwa ile sauti yake ya chini. Kwa watu hawa, mwenye kutoboa siri ya kadi hakaribishwi tena meza yoyote mjini.

Reiji alisoma kadi yake mara moja, akaikunja, akanywa maji glasi nzima. Tamaki aliuona uso umembadilika, akadhani ni joto la chumbani.

Mapenzi hayakuchelewa. Mchana, duka la miwani alikofanya kazi Tamaki likipoa wateja, simu ilianza kazi.

"Askari wangu, umekula?"

"Bado, malkia. Niko ndani ya shimo la lifti."

"Kwa kamba hii, ukitoka ule."

"Nimesikia, nimetii."

Walicheka mpaka wenzao wakawaona wehu. Kisha siku moja, wakila tambi, Tamaki akatania: "Kwa kamba hii, zikate hizo nywele, unanishinda uzuri." Jumapili iliyofuata Reiji alikuja kichwa kimenyolewa.

"Wewe, nilikuwa natania."

"Najua."

"Sasa umekata kwa nini?"

"Si ulisema."

Tangu hapo kicheko kikaanza kumkauka Tamaki. Alisema gitaa la Reiji linamuumiza kichwa, naye akaligawa. Ukimuuliza tule nini, atakwambia unachotaka wewe. Alikuwa mpole kupita kiasi, na jicho lake halikumbanduka Tamaki, kama mlinzi aliyeambiwa mwizi atakuja lakini hakuambiwa lini. Tamaki alimpenda, na sasa akaanza kumwogopa.

Ijumaa moja simu ikalia dukani.

"Kampuni inanitaka Sapporo, kule kaskazini," Reiji alisema. "Nikawe mkuu wa mafundi. Wanataka jibu Jumatatu."

Mteja alikuwa mbele ya Tamaki, fremu mbili mkononi. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Kwa kamba hii, usiende."

Upande wa pili likaja neno moja: "Sawa."

Hakuwa na hasira wala furaha, ni sawa tupu. Kesho yake Tamaki akashindwa kuvumilia, akampigia.

"Niambie kweli. Wewe ungependa kwenda?"

"Unataka niseme nini?"

"Ndilo hilo nisilolitaka, Reiji. Una mwanamke mwingine, unanifunika kwa utii?"

"Sina. Kuna jambo siwezi kukwambia. Nakuomba usiniulize, na usiniache."

Tamaki akakata simu. Alikwisha kuamini kwamba amejitengenezea kikaragosi, na kwamba mwanamume aliyempenda ameyeyuka humo ndani.

Jumapili mvua ilinyesha tena. Mchezoni, malkia alikuwa amezingirwa katika ukumbi wake.

"Adui yuko mlangoni," alisema Bi Kurata. "Malkia unaamuru nini?"

Wote walijua: shujaa azuie mlango mpaka afe. Tamaki akauvuta mkono wa Reiji, akaanza kufungua fundo.

"Namwachia huru."

"Usifanye hivyo." Sauti ya Reiji ilikuwa kavu. "Funga, Tamaki. Nakusihi, mpenzi, funga."

"Hata uhuru unauogopa?"

Kamba ikaanguka mezani. Bi Kurata akayafunika madadu kwa kiganja. "Shujaa, soma kadi yako."

Reiji akaikunjua, akasoma. "Baba yake malkia aliwaua watu wako wote. Uchawi wa kamba ulikusahaulisha. Siku utakayofunguliwa utakumbuka, na mmoja wenu lazima afe kwa mkono wako: malkia, au wewe."

Tamaki akashika mdomo. "Ndiyo maana ulinitii?"

"Nilidhani nikikutii kwa kila kitu, hutakuwa na sababu ya kunifungua. Halafu nikazoea. Hata nje ya hapa nikawa sijui tena mimi nataka nini."

"Chagua," alisema Bi Kurata.

"Nife mimi," Reiji akajibu bila hata kuvuta pumzi.

Jibu lile lilimchoma Tamaki, maana lilikuwa lilelile la siku zote. "Sina amri juu yako tena," alisema polepole. "Lakini leo utakufa kwa ajili yangu, kesho utaikataa Sapporo kwa ajili yangu. Keshokutwa nitakuwa naishi na nani?"

Reiji alimtazama mpaka macho yakamjaa maji.

"Namuua malkia," akasema.

Desturi ni kwamba mhusika akifa, anayemcheza huichana mwenyewe karatasi ya sifa zake. Tamaki aliichana ya malkia wake wa miaka miwili, vipande akampa Bi Kurata, akashuka ngazi. Reiji akamfuata mpaka chini sokoni, penye watu tele.

"Nakwenda Sapporo," alisema. "Kumbe nilitaka tangu siku ile."

"Na nikikuomba ubaki? Kuomba tu."

"Niombe."

"Baki, Reiji. Nakupenda."

"Nami nakupenda. Hapana." Akaishika mikono miwili ya Tamaki. "Twende wote. Ukikataa nitaumia, lakini nitakwenda."

"Mimi Nagoya siiachi," Tamaki akasema, na lilikuwa neno la kweli.

"Basi."

Wakasimama hivyo, watu wakiwapita kushoto na kulia na miamvuli yao. Tamaki alilia mbele ya umati bila kujificha, na kwa mara ya kwanza tangu zile nywele zikatwe, alijua kwamba machozi yake yanamlilia Reiji mwenyewe, si kikaragosi.