Maji ya Alfajiri na Maji ya Jioni

Atakayekuta lango limefungwa, atafagia uwanja. Kanuni hiyo kila mwanafunzi aliijua, lakini binti wa mshona viatu aliijua zaidi. Wenzake walimwita Bi Ufagio.

Kila alfajiri alisimama na ndoo katika foleni ya bomba la mtaa. Ukungu ulifunika miguu ya watu, wakaonekana kama wanaelea. Maji yalitoka membamba kama uzi, yakiimba wimbo uleule. Binti akasinzia wima, akaota amekwisha kufika darasani. Alipozinduka, kengele ilikuwa imelia, na somo la kwanza, hesabu, limempita tena.

Baba yake alikwisha kumwonya: "Ukishindwa hesabu mwaka huu, utakaa nami kibandani ushone viatu."

Siku moja mwalimu wa hesabu alimkuta uwanjani.

"Mwanangu, ufagio huu umekuoa?"

"Ni foleni ya bomba, Mwalimu."

"Kwa nini watu wote huteka alfajiri?"

Mwalimu akalipeleka swali darasani. "Hesabu yetu sasa ni bomba lile," akasema. "Tutapima, hatutabahatisha."

Wanafunzi waligawana zamu. Wengine walipima muda wa kujaza ndoo alfajiri. Binti alipima baada ya masomo, na maji yakaruka ndooni kwa kishindo hata akacheka. Fundi bomba akawaeleza: "Alfajiri mtaa mzima hunyonya bomba moja. Jioni watu hawapo, maji yana nguvu."

Binti akachora vipimo hivyo ubaoni. Kwa mara ya kwanza namba zilimtii.

Nyumbani binti akaomba wateke maji jioni, lakini bibi yake alikataa katakata.

"Maji ya jioni yamechoka, mke mwenzangu. Yamezunguka mji mzima! Ya alfajiri yamelala, ndiyo maana ni matamu."

"Basi darasa letu likupime ulimi, Bibi."

"Nipimeni! Nikishindwa, nitafagia uwanja wenu mimi mwenyewe."

Jumamosi asubuhi darasa lilimwekea vikombe viwili mbele ya majirani. Kimoja kilikuwa na maji ya alfajiri ile. Cha pili kilikuwa na maji ya jana jioni, yaliyolala katika mtungi safi wenye kifuniko. Bibi akaonja vyote, akafumba macho kama anayeuota ujana wake.

"Haya ndiyo ya alfajiri!"

"Hayo ni ya jana jioni, Bibi."

Majirani wakaangua kicheko. Mwalimu akainua mkono. "Mara moja huweza kuwa bahati. Vipangeni upya bila yeye kuona."

Bibi akaonja tena, akakosea tena.

"Haya, wajukuu," akasema, "ulimi wangu umenisaliti hadharani."

Jioni ile ndoo nyingi zilijazwa, mitungi ikafunikwa. Jumatatu alfajiri bombani palikuwa na watu wachache tu, na binti hakuwa miongoni mwao.

Alipita langoni kabla ya kengele. Hesabu ilipoanza, akasikia sauti nje ya dirisha, ndani ya ukungu: shwaa, shwaa. Bibi alikuwa amekuja na ufagio wake kutoka nyumbani.

Mwalimu akatoka mbio. "Shikamoo, Bibi. Inatosha, tafadhali."

"Marahaba. Haitoshi. Ahadi ni deni, Mwalimu. Rudi ukamfundishe mke mwenzangu. Bado kona ile."

Akaifagia kona ile mpaka ikang'aa, kisha akaenda zake.