Bakuli la Mwaitu Kalekye

Jumamosi moja asubuhi, mwaka ule wa njaa wa elfu mbili, Ndinda aliketi sebuleni kwake Kangundo akipangusa vyombo vyake vya kioo. Ilikuwa kazi aliyoipenda kuliko kwenda kanisani, na kanisani hakukosa. Alivitoa kabatini kimoja kimoja, akavifuta kwa kitambaa laini, akavirudisha mahali pake: vya duara, vya mraba, vyenye maua, vyenye vifuniko. Vyote vilikuwa vya kuokea, vya zamani, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutiwa chakula katika nyumba ile. Ole wake mgeni ambaye angeomba kimoja apakulie mboga.

Usimcheke. Mamake alikuwa mpishi kwa Mzungu wa shamba la mkonge, na Ndinda alikulia kwenye kizingiti cha jiko lile, akitazama pudini ya maziwa ikitokota pembeni mwa kioo na kugeuka rangi ya kahawia. Sufuria huficha, kioo hakifichi. Masalio yaliporudi kutoka mezani, mamake alimpa bakuli akwangue kwa kijiko. Mama alikufa, Mzungu akahama, na yule mtoto akawa mwanamke anayezunguka masoko ya Machakos akitafuta utoto wake kwenye meza za mitumba. Kutamani si dhambi. Dhambi ni hatua inayofuata.

Basi asubuhi hiyo jirani yake Kalekye alibisha hodi. Alikuwa ajuza, mjane, asiye na mtoto aliyebaki, na kila mtu alimwita mwaitu, yaani mama yetu. Alileta malenge kidogo yaliyopondwa, ndani ya bakuli la kioo lenye maua ya samawati na kifuniko chake. Ndinda alipoliona, moyo ulimruka. Lilikuwa pacha wa lile la mamake.

"Onjeni tu," mwaitu alisema. "Ni kidogo."

Sasa, kwa Wakamba, kama kwa watu wengi wenye adabu, chombo kilicholeta chakula hakirudi kitupu. Ukiletewa malenge, unarudisha unga, au maharagwe, au hata viazi vichache. Ndinda alilijua hilo tangu utotoni. Malenge yaliliwa na binti yake Munyiva, aliyekuwa na miaka sita, bakuli likaoshwa, likapata nafasi katikati ya kabati. Kesho nitalirudisha, alijiambia. Kesho ikazaa kesho nyingine.

Mwishowe mwaitu alirudi mwenyewe, akiegemea fimbo. Alikuwa amekonda.

"Mama Munyiva, ile bakuli yangu iko?"

Ndinda alisimama mlangoni ili kabati lisionekane. "Pole, mwaitu. Ilivunjika."

"Nani alivunja?"

Hakuwa amejitayarisha kwa swali hilo. "Ni huyu mtoto," alisema.

"Si mimi, mama," Munyiva alinong'ona.

Na ili uongo usimame vizuri, Ndinda alimzaba mtoto kofi, pale pale mbele ya mgeni. Munyiva alilia. Mwaitu alimtazama mtoto kwa muda mrefu, kama mtu anayejifunza sura asije akaisahau.

"Usimpige," alisema kwa upole. "Kama ni yeye, basi ni yeye." Akaenda zake taratibu.

Siku chache baadaye walimkuta amekufa. Jiko lake lilikuwa baridi, na debe la unga lilikuwa limekwanguliwa kwa kucha hadi bati likang'aa. Mazishini Katunge, jirani yao, alimwinamia Ndinda sikioni.

"Alikuwa anaona aibu kuomba," alisema. "Kwa hivyo alikuwa anatuletea kitu kidogo kwa ile bakuli, na sisi tunamrudishia imejaa. Hivyo ndivyo alikuwa anakula. Sijui bakuli ilienda wapi."

Ndinda alitazama udongo. Aliona aibu, aibu ya kweli iliyomchoma, lakini alipofika nyumbani hakulitoa bakuli kabatini. Mwenyewe ameshakufa, alifikiri, sasa nimrudishie nani? Moyo wa binadamu ni wakili mzuri.

Kuanzia wiki hiyo Munyiva akawa mlafi. Alimaliza sahani yake akaomba ya mamake. Na bado alikonda. Mbavu zilijitokeza, macho yakazama. Hospitalini walimpima minyoo, wakampima damu, hawakuona kitu.

"Mbona hushibi, mwanangu?"

"Mimi sijakula, mama." Mtoto alinong'ona kama anayeogopa kusikiwa. "Tunashika kijiko na susu. Halafu inaingia kwake."

Susu ni nyanya, yaani bibi. Munyiva hakuwa na nyanya aliye hai.

Ndinda alilijaza bakuli muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, hadi kifuniko kikakataa kufunga. Alilipeleka kaburini kwa mwaitu jua likiwa utosini. Alipiga magoti, akaomba msamaha, akaliacha pale. Alirudi nyumbani moja kwa moja.

Bakuli lilikuwa kabatini. Tupu. Limelambwa, na michirizi ya ulimi ilikuwa bado mibichi kwenye kioo.

Akalitoa uani. Akaokota jiwe la kusagia. Leo uongo wake ungekuwa kweli. Aligonga mara moja.

Kioo hakikupata hata ufa. Ndani ya nyumba Munyiva alipiga yowe.

Ndinda alimkuta kitandani. Hakuna aliyemgusa. Mkono wake ulikuwa umevunjika juu ya kifundo.

Hakugonga tena. Aliviuza vyombo vyake vingine vyote kwa bei ya kutupa, akanunua unga, akanunua maharagwe, akanunua mchele. Kila siku alilijaza bakuli. Kila siku likawa tupu. Alilia, akaomba achukuliwe yeye, kwa maana yeye ndiye aliyekosa. Hakujibiwa. Aliyetajwa alikuwa ameshatajwa.

Munyiva alikufa mchana, kijiko mkononi, mdomo umejaa wali.

Baada ya mazishi Katunge alibaki kusaidia kuosha vyombo. Alilikuta bakuli kwenye rundo, akalitambua, akamtazama Ndinda. Kisha akaligeuza kwenye mwanga.

"Hii ni nini?"

Upande wa ndani wa ukingo ulikuwa na alama za meno. Meno madogo, ya utotoni, yaliyozama katika kioo kama yanavyozama katika sabuni. Katikati palikuwa na pengo la jino moja la mbele, lile ambalo Munyiva alikuwa amelipoteza mwezi huo.

Hakuna aliyethubutu kulichukua. Likarudi kabatini, peke yake.

Katunge alipopita kumjulia hali wiki iliyofuata, Ndinda alimwonyesha bakuli kabatini kwa kidole. Alama mpya za meno yale yale, yenye pengo, zilikuwa zimeteremka kutoka ukingoni hadi chini, penye maua.