Rangi Nyekundu kwenye Shokapu

Kila akitoka shule, Chiriku alivua sare yake, akavaa gauni kuukuu lililojaa madoa ya grisi na kuingia gereji iliyokuwa nyuma ya nyumba yao. Kazi yake ilikuwa kuosha nati na bolti kwa mafuta ya taa ndani ya karai, akizisugua kwa mswaki uliozeeka. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukupumzika hata pale mikono ilipozidiwa na kazi.

Baba yake alikuwa dereva wa gari la mashindano, la aina inayokimbia kwenye njia za vumbi, mawe na makorongo. Fundi wa gari hilo alikuwa mama yake. Wageni walipofika gereji walimpita mama wakaenda kumuuliza baba habari za injini, naye baba alicheka na kuwaambia, “Mimi najua kukanyaga tu. Mwenye gari ni yule pale mwenye spana.”

“Gari la lami linataka mbio,” mama alipenda kusema akiwa amejilaza chini ya gari. “La kwetu linataka kurudi nyumbani.” Ndiyo maana hakuwa na haraka ya kuchagua vifaa. Shokapu, zile zinazomeza mitikisiko ya barabara, zikifa, gari linarukaruka kama mbuzi. Na shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ikikatika, injini itanguruma mpaka ichoke, gurudumu halina habari.

Wiki ya mashindano makubwa ilipoanza, baba mdogo alifika gereji akiwa na boksi zito begani. Alikuwa amefungua duka la vipuri siku za karibuni, na furaha yake ilimtangulia mlangoni.

“Shikamoo, baba mdogo!”

“Marahaba, Chiriku. Njoo uone mambo!”

Akafungua boksi. Ndani mlikuwa na shokapu nyekundu zinazong’aa kama midomo iliyopakwa rangi, na shafti mbili zilizosuguliwa hadi Chiriku akajiona sura.

“Zawadi yenu hii, shemeji,” alimwambia mama. “Kaka akimaliza mashindano nazo, watu wataniuliza wapi wazipate.”

Mama aliinyanyua shafti moja, akaipima uzito mkononi, akairudisha. “Asante, shemeji. Ziweke pale.”

Alisema hivyo tu. Chiriku alimjua mama yake. Kifaa kipya kikiingia gereji, mama huwa kama mtoto aliyepewa peremende. Leo hata hakutabasamu, na macho yake yalimsindikiza baba mdogo mpaka getini.

Kesho yake Chiriku alirudi mapema akamkuta mama peke yake, amebana shafti mpya kwenye jiliwa na anaikwaruza kwa tupa. Alipoona kivuli mlangoni, aliitoa haraka akaiviringisha kwenye gunia.

“Mama, unafanya nini?”

“Osha nati zako.”

Gunia lilisukumwa nyuma ya rundo la matairi. Chiriku alisugua nati huku jicho moja likiwa kazini na jingine kwa mama. Kabla ya giza kuingia, shokapu za zamani zilikuwa zimerudi kwenye gari. Lakini zilikuwa zimebadilika. Chiriku alipozigusa, kidole chake kilitoka chekundu. Rangi haikuwa imekauka.

Kwa nini mtu apake vyuma vikuukuu rangi vionekane vipya? Alikumbuka kwamba mama na baba mdogo hawakuwahi kuelewana vizuri. Labda mama hakutaka duka la shemeji yake lifanikiwe. Labda anataka kuziuza zile mpya kimyakimya. Kila alipolifikiria jambo hilo lilizidi kunenepa, na usiku huo alisukuma sahani pembeni. Mama alipomuuliza kama anaumwa, alijibu, “Hapana,” bila kumtazama.

Ijumaa mama aliondoka na mfuko mrefu begani. “Narudi sasa hivi,” alisema. Hakusema anakwenda wapi. Mara tu alipopinda kona, Chiriku alikimbia mpaka dukani kwa baba mdogo akayamwaga yote: tupa, gunia, rangi.

“Usimwambie Mama kwamba ni mimi,” alimalizia, akihema.

Baba mdogo hakufoka. Alikaa kwenye kigoda, uso umemshuka. “Kumbe ananichukia kiasi hicho,” alisema taratibu. Kisha akafunga duka, wakaenda pamoja gereji kwa baba.

Baba alipoelezwa, hakuamini hadi alipoikwaruza shokapu kwa ukucha na rangi ikabanduka. Nyuma ya matairi walikuta gunia, na ndani yake shokapu zote mpya lakini shafti moja tu.

“Ya pili iko wapi?” baba aliuliza.

“Itakuwa imeshauzwa,” baba mdogo alisema.

Baba alikunja uso. “Tumsubiri kwanza arudi.”

“Umsubiri akudanganye tena? Kaka, tufunge shokapu hizi na hii shafti moja, tukazijaribu tuone kama vifaa vyangu ni vibovu hivyo.”

Baba alisita, kisha akachukua jeki. Chiriku aliwapokeza spana. Alijiambia kwamba ukweli umepatikana.

Uwanja wa majaribio ulikuwa nje ya mji, ardhi nyekundu yenye matuta na mifereji. Baba alikaa kwenye usukani, baba mdogo kando yake, wote wamefunga mikanda na kuvaa helmeti. Gari lilizunguka mara ya kwanza vizuri kabisa, na baba mdogo akatoa dole gumba dirishani. Mzunguko uliofuata baba aliongeza moto. Gari liliruka tuta kubwa, likatua kwa kishindo, na badala ya kuinuka likaendelea kuzama kama lililokaa kwenye godoro bovu. Ukasikika mlio mkali, *kaa!* Gari likavutwa upande, likazunguka kwenye vumbi na kulala ubavu mfereji ulipoanzia.

“Baba!” Chiriku alipiga kelele akikimbia.

Walitoka hai. Baba alikuwa amepasuka mdomo, na baba mdogo ameukumbatia mkono wake uliovunjika kwenye kifundo. Shafti ile mpya ilining’inia chini ya gari, imekatika vipande viwili.

Mama aliwakuta zahanati, mkono wa baba mdogo ukifungwa plasta. Aliwatazama mmoja mmoja kuhakikisha wanapumua, ndipo akaketi. Kutoka kwenye mfuko wake mrefu alitoa shafti ya pili.

Chiriku alitamani sakafu immeze.

“Nimetoka nayo chuo cha ufundi,” mama alisema. “Nilitaka waipime kwa mashine kabla sijasema neno. Shafti nzuri ngozi yake ni ngumu, tupa huteleza juu yake. Hii tupa inaila kama sabuni, na mashine imethibitisha. Na zile shokapu zinavuja mafuta ukizikandamiza kidogo. Ni vyuma laini vilivyong’arishwa, shemeji. Ulivitoa wapi?”

“Kwa yule muuzaji wa jumla karibu na stendi. Alinihakikishia vimetoka kiwandani.” Baba mdogo aliigusa shafti kwa mkono mzima. “Ulijua tangu lini?”

“Nilishuku tangu siku uliyovileta.”

“Mbona hukuniambia?”

Mama alishusha pumzi. “Nilidhani unajua.”

Muuguzi aliacha kukunja bandeji.

“Ulidhani nimeleta chuma kibovu, kwa kujua, ili kaka yangu apande?”

“Nilidhani hivyo. Nikapaka zile za zamani rangi ili usigundue, tusigombane kabla sijawa na uhakika. Nimekukosea, shemeji. Nisamehe.”

Chiriku alishindwa kujizuia. “Mimi ndiye niliyesema!” alilia. “Nilidhani unaziuza, Mama. Nikaenda kumwambia baba mdogo.”

Baba aliugusa mdomo wake uliovimba, akajaribu kucheka, ukamuuma. “Kwa hiyo nyumba nzima mlikuwa mnachunguzana,” alisema, “na mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani.” Kisha akaacha kucheka. “Na mimi nilisema tusubiri, halafu sikusubiri.”

Mashindano yale yaliwapita. Baba mdogo, mkono shingoni, aliviondoa vifaa vile vyote dukani, akawafuata nyumbani kwao wateja waliokwisha kununua. Wengine walimtukana, lakini hakuna aliyeachwa gizani. Muuzaji wa stendi alipofuatwa na polisi, walikuta ameshafunga duka. Wiki iliyofuata alikamatwa mji wa jirani akiuza vilevile.

Vifaa vingine vilichaguliwa mezani, wote wakiwepo. Mama alikwaruza kila shafti kwa tupa, Chiriku akikandamiza shokapu na kuzipangusa kuona kama zinavuja. Baba mdogo aliuliza maswali mpaka mama akachoka kuyajibu. Walizochukua hazikuwa nzuri kwa sura. Nyingine zilikuwa na michubuko ya kusafirishwa. Katika mashindano yaliyofuata baba hakushika hata nafasi ya tatu. Magari mengi yalibaki njiani yameinama, lake likafika kwa magurudumu yake yote manne, baba mdogo akishangilia kwa mkono mmoja.

Wakati gari likipoa, Chiriku alisogea karibu na mama. “Mama, kushuku ni vibaya?”

“Hapana. Fundi asiyeshuku ataua watu.” Mama alijifuta mikono. “Kinachoharibu ni kuifungia shaka moyoni mpaka ianze kukutungia hadithi, au kuipeleka kwa mtu mwingine kabla ya mwenyewe. Chuma hakina mdomo, ndiyo maana tunakikwaruza. Mtu anao. Ukimtilia shaka, mwendee, muulize mkitazamana. Mimi ni mtu mzima na sikufanya hivyo, wewe nawe ukaniiga bila kujua, na mfupa wa baba yako mdogo ukavunjika.”

Chiriku aliwaza kidogo. “Ningekuuliza siku ile, ungeniambia ukweli?”

Mama alimtazama binti yake.

“Siku ile, sina hakika,” alisema. “Kuanzia leo, niulize.”